Weka Ngitili Kabla ya Jioni

Ndugu zangu, fungueni Mwanzo sura ya 25, mstari wa 29. Esau anarudi kutoka nyikani akiwa hoi. Yakobo ana chungu motoni, na ndani ya chungu mna dengu. Esau anaomba kula, Yakobo anamtajia bei, na bei yenyewe ni haki ya mzaliwa wa kwanza. Esau hasiti. Anasema yuko karibu kufa, hiyo haki itamfaa nini? Anaapa, anapewa mkate na dengu, anakula, anakunywa, anainuka, anakwenda zake.

Hebu tuulizane. Esau alikuwa anakufa kweli? Mtu anayekufa hatembei kutoka nyikani kwa miguu yake, wala hasimami kupatana bei na kula kiapo. Njaa yake ilikuwa njaa ya mtu yeyote aliyeshinda porini. Lakini ilimkuta pabaya: mwili umechoka, harufu imejaa puani, chakula kiko hatua mbili mbele yake. Tumbo likamwambia anakufa, naye akaliamini. Hiyo mimi naiita saa ya Esau. Nawaambia kwa uchungu, watu wa Kambarage, saa hiyo inatufikia kila jioni hapa Shinyanga mjini, na kila jioni kuna mtu anauza urithi wake.

Urithi gani, mtauliza. Macho yako. Figo zako. Magoti yanayokubeba kwenda shambani na kanisani. Miguu miwili ambayo kisukari kikikomaa hakioni haya kuidai mmoja. Miaka ya kumwona mjukuu akivaa sare za shule. Hivyo vyote umepewa bure na Mungu, na kuna jioni vinauzwa kwa sahani ya zege, yaani chipsi mayai, na soda baridi.

Twendeni tuione hiyo saa kwa karibu. Ni saa kumi na mbili, jua linazama nyuma ya uwanja wa CCM Kambarage. Umefunga duka, au umetoka ofisini, au umeshuka kwenye bodaboda kutoka Ngokolo. Pale kwenye kona taa imeshawashwa ndani ya kabati la kioo, na chipsi zimejaa hadi juu zikiwa za rangi ya dhahabu. Kijana anazichota, anazirudisha kwenye karai, mafuta yanalia. Pembeni ana kikaango cheusi kisichokauka mafuta. Anapasua mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, anatia chumvi, anakoroga kwa uma, anamimina juu ya chipsi, anasubiri kingo zishikane. Anaongeza mafuta ukingoni ili zege lisigande. Anafunika kwa sahani, anapindua, anarudisha upande wa pili. Kisha kabichi na nyanya, chumvi kwa mara nyingine, pilipili, tomato. Dakika tano tu, na wakati wote huo upepo unakuletea wewe harufu.

Kijana huyo simlaani, na mtu asiondoke na mahubiri haya akaenda kumsema vibaya. Ni mtoto wetu, ana kodi ya kulipa na mama wa kumtunza kijijini, na anaamka alfajiri kumenya viazi vilivyosafiri kutoka nyanda za juu kusini. Anauza anachoulizwa. Ninayesema naye ni wewe unayeuliza, hasa wewe uliyekwisha kusimama mbele ya daktari au mbele ya kioo chako mwenyewe ukasema, sasa inatosha, nataka kupunguza uzito.

Sikia kinachotokea ndani ya lile karai. Kiazi kilichochemshwa, gramu 100, kina kalori 90 hivi. Kikitumbukizwa kwenye mafuta ya moto, maji yaliyomo yanatoka kwa mvuke na mafuta yanaingia mahali pake, na gramu zilezile 100 zinafika kalori 300 hivi. Sahani ya kawaida ina chipsi gramu 300. Ongeza mayai mawili, ongeza yale mafuta ya kikaangoni, ambayo kila kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120: umeshavuka 1,000. Mwanamke mzima wa kazi za wastani anahitaji kalori 2,000 hivi kwa siku nzima. Halafu soda. Chupa ya kola ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Ukimwona mtu anaweka vijiko tisa kwenye kikombe chake utamshika mkono, lakini kwa sababu hii ni baridi na ina povu tunainywa tukiongea. Kutembea kwa haraka saa nzima kunachoma kalori 300 hivi. Piga hesabu mwenyewe utembee saa ngapi.

Na kuna jambo jingine, hili ndilo linaloniuma zaidi. Mwaka 1995 mtafiti Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, walipima vyakula 38, kila kimoja kwa kiasi chenye kalori sawa, wakawauliza walaji wameshiba kiasi gani. Kilichoshibisha kuliko vyote kilikuwa kiazi cha kuchemsha. Chipsi zilishibisha kama theluthi moja tu yake. Kiazi ni kilekile, kimetoka udongo uleule, lakini karai limekiongezea unene na kukipunguzia shibe. Ndiyo maana unamaliza sahani na bado jicho linatafuta mshikaki.

Sasa nije kwa dada yangu ambaye amejaribu na ameanguka. Namfahamu, kwa kuwa yuko katika kila kwaya na kila kikundi cha akina mama. Jumatatu ameamua. Asubuhi chai ya rangi bila kitu. Mchana wenzake wanakwenda kwa mama lishe, yeye anabaki amejikaza, anakunywa maji, anajisifu moyoni. Saa kumi kichwa kinauma. Saa kumi na mbili anapita kwenye kona, na pale miguu inasimama yenyewe. Usiku analia, anaomba toba, anasema roho yake ni dhaifu. Dada yangu, hukukosa imani. Ulikosa chakula cha mchana! Ulijinyima kutwa nzima ukamfanya Esau kwa mikono yako, halafu ukampeleka mwenyewe hadi kwenye chungu. Mwili ulionyimwa haujui kwamba unafanya mpango wa afya. Unajua njaa imeingia, na unapiga kelele kama ulivyoumbwa kupiga. Mungu aliweka kelele hiyo ili watu wake wasife wakati wa ukame, na sisi wa Shinyanga tunaujua ukame.

Tena niseme na wanaouziwa chai za kukata tumbo na vidonge visivyo na maelezo. Nyingi ya chai hizo zinakuendesha tumbo tu. Kinachopungua ni maji, na kesho kutwa mizani inarudi palepale. Na wewe unayetumia insulini au vidonge vya kisukari, usianze kufunga wala kuruka milo kabla ya kuongea na mhudumu wako wa afya, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafla ukaanguka. Dawa zako za shinikizo la damu usiziache kwa sababu umeanza kula mboga. Imani na dawa hazigombani.

Ndugu zangu, tumepewa hekima ya kuishinda njaa ya jioni katika ardhi yetu wenyewe. Wazee wa Kisukuma wanaijua ngitili. Mvua zinanyesha, nyasi ni nyingi kila mahali, ng'ombe wameshiba. Wakati huohuo wa neema, mwenye ngitili anatenga eneo, anasema hapa haingii ng'ombe hadi kiangazi. Mpaka unajulikana kwa jirani wote, na mwenye kuuvunja anatozwa faini kwa sheria za kijiji, sungusungu wakisimamia. Tuliposahau ngitili na miti ikakatwa, Shinyanga ilikauka hadi ikaitwa jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwarudisha watu kwenye desturi hiyo, na zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto. Leo miti unayoiona ukielekea vijijini ni ushahidi wa watu waliokubali kutokula kila kilichokuwa mbele yao.

Angalieni jinsi wazee walivyofanya. Mpaka uliwekwa ng'ombe wakiwa wameshiba. Hakuna mzee aliyesubiri hadi Septemba, kundi linalia kwa njaa mbele ya majani, ndipo aanze kuomba nguvu ya kulizuia. Angeshindwa, na angestahili kushindwa. Wewe kwa nini unasubiri hadi umefika kwenye kikaango ndipo uanze kupigana? Vita ya jioni inapiganwa saa saba mchana. Kula mlo wa mchana, tena mlo wa kweli. Ugali wa dona au wa mtama, kiasi cha ngumi yako, kwa sababu mlima wa ugali nao si mtakatifu. Choroko au dengu, na hizi tunazilima wenyewe hapa mkoani, bei yake ni ya watu. Dagaa. Mgagani, mlenda, nsansa, mboga zijae sahani kuliko ugali, na mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu. Saa kumi kabla ya kutoka kazini, kula kitu: kiazi kitamu cha kuchemsha, matobolwa machache, kikombe cha maziwa ya mgando, konzi ndogo ya karanga za kuchemsha. Ukifika kwenye kona una kitu tumboni, harufu itakuita lakini haitakuburuta.

Kisha badili njia. Yusufu alipokamatwa vazi na mke wa Potifa hakukaa kuhubiri. Alikimbia, vazi likabaki. Wapo wanaopita mbele ya kioo kila jioni ili kujipima kama wameiva kiroho. Acha! Zunguka mtaa wa nyuma, hata kama ni mbali, hizo hatua nazo ni dawa. Pesa ya matumizi iache nyumbani kwa mtu unayemwamini, na ile ya kwenye simu pia ina mguu, unajua mwenyewe. Mchoma chipsi aliyekuzoea na anayekuita mteja wangu, mwambie kwa heshima: mdogo wangu, mwezi huu usinikaangie. Atakuelewa, na kuna siku atakukumbusha yeye.

Tena usiende peke yako. Danieli aliazimu moyoni mwake kabla hajagusa meza ya mfalme, akaenda kwa msimamizi, akaomba siku kumi za kula mtama na mboga na kunywa maji. Nasema mtama kwa makusudi, kwa kuwa mazao ya mbegu za shambani ndiyo waliyoomba. Na walikuwa wanne. Katika nyumba ile ya ugenini hakuna aliyeachwa akabiliane na sahani ya mfalme akiwa peke yake. Ngitili isiyojulikana na jirani huliwa usiku wa kwanza.

Hapo ndipo ninapogeuka kuwasema jirani, maana kosa si la mlaji tu. Mtu akipungua kilo nne hapa kwetu, anakutana na nini? "Umekonda, una matatizo gani?" "Ndoa imekushinda?" Wengine hawasemi, wanaangalia tu na kunong'ona. Naelewa maneno hayo yanakotoka. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera, hapo jirani, na miaka iliyofuata kanda yetu yote ilizika vijana kwa vijana. Tuliona miili ikiyeyuka. Tangu hapo kukonda kukawa tangazo la msiba na unene ukawa cheti cha afya. Na kabla ya hapo njaa ilitufundisha vivyo hivyo: mwenye mwili ndiye mwenye ghala. Lakini ndugu zangu, nyakati zimegeuka. Mwaka 2010, wanawake 22 kati ya kila 100 wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa na uzito uliozidi. Kufikia utafiti wa 2015 na 2016 walikuwa 28. Utafiti wa taifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta 9 hivi kati ya kila 100 wana kisukari, na zaidi ya robo wana shinikizo la damu. Msiba umehamia upande ambao hatujazoea kuuangalia. Kwa hiyo ukimwona mayu fulani amepungua, na mwendo wake ni mwepesi na uso wake una nuru, mfunge mdomo yule shetani wa kunong'ona. Mwambie: umependeza, endelea. Neno hilo moja linaweza kumvusha kona tatu.

Nasema pia na wenye pesa za madini. Kijana anayeshuka duarani Nyarugusu au Mwakitolyo na moko na nyundo, huyo anachoma anachokula, na mahubiri haya hayamhusu sana. Yanamhusu aliyekuwa kama yeye miaka kumi iliyopita. Sasa ana duara lake, ana gari, anakaa kivulini Katoro au Kahama akihesabu mifuko, lakini tumbo halijapewa taarifa kwamba kazi ya moko imekwisha. Bado anakula kama mchimbaji, tena sasa ana uwezo wa kuagiza chipsi kuku kwa watu sita. Kaka yangu, zungusha futi kiunoni. Mwanamume akizidi sentimita 94, hatari imeanza. Akizidi 102, imekaa sebuleni. Kwa mwanamke ni 80 na 88. Na dereva wa mtambo mgodini, anayekaa kwenye kiti zamu nzima, anajua ninachosema.

Na sisi kanisa tujihukumu. Kikao cha harusi, soda. Kumpongeza mchungaji, pilau na soda. Kipaimara, ubatizo, mavuno, kreti zinapangwa hadi dirishani, na anayeomba maji anaangaliwa kama amekataa ushirika. Tunafundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, halafu tukitoka ibadani tunaumiminia hekalu vijiko tisa vya sukari. Wazee wa kanisa, nawasihi kwa jina la Bwana, tuanze na jambo dogo: katika kila meza yetu maji yawe ya kwanza, na matikiti na mapapai yakatwe mengi kuliko keki. Ndugu zetu Waislamu wanatuonyesha kila Ramadhani kwamba mji mzima unaweza kupanga saa za kula na saa za kuacha. Sisi nasi tunaweza kupanga.

Usiogope ukubwa wa safari. Huna haja ya kurudi kwenye umbo la picha yako ya kidato cha nne. Mwaka 2002 Wamarekani walitoa matokeo ya mpango mkubwa wa kuzuia kisukari: watu waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa huo walilengewa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Asilimia 7 ya kilo 90 ni kilo sita na kidogo. Kilo sita! Hizo ni debe la mahindi lisilofika nusu, na zinaweza kuamua kama utaona vizuri ukiwa na miaka 65.

Na wewe uliyeanguka jana, usiniambie utaanza Jumatatu. Jumatatu imekuwa sanamu katika nyumba nyingi. Umekula zege jana usiku, basi umekula. Leo asubuhi usijiadhibu kwa kukaa na njaa, maana ukijiadhibu jioni utarudi palepale. Kunywa uji wako, kula mchana wako, endelea na ngitili yako pale ilipovunjwa. Mwenye ngitili akikuta ng'ombe mmoja ameingia hachomi eneo lote.

La mwisho nawaambia akina baba, tena kwa upole. Wengi wenu mnapenda kwa mkono. Umechelewa kurudi, unajua mke amekasirika, unapitia kwenye kona unafungiwa chipsi kuku kwenye foili, unaingia saa nne usiku, unamwekea mezani, na huo ndio msamaha wako. Yeye ameshakula saa moja mlenda wake na choroko, ameshinda vita ya siku nzima, na sasa kikaango kimemfuata hadi kitandani kikiwa kimebebwa na mtu anayempenda. Baba, usimfanyie hivyo. Rudi mapema, mtoke wote wawili baada ya chakula, mtembee polepole hadi uwanjani na kurudi mkiongea. Ukichelewa, njoo mikono mitupu useme samahani.